Tusiogope Kisu cha Pili

Mwezi Februari 2023 Papa Fransisko alizungumza na vijana wenzetu kule Kinshasa. Tarehe 7 Juni mwaka huohuo alipasuliwa tumbo huko Roma, naye alikuwa amekwisha kukatwa sehemu ya utumbo mpana mwaka 2021: penye kovu la zamani ilitokea ngiri iliyobana utumbo. Tulimwombea, hatukusema amerogwa.

Basi hapa Bunia, mama aliyewahi kupasuliwa akivimba tumbo, akitapika na kukosa choo, kwa nini tunanong'ona uchawi? Makovu ya ndani huweza kuziba utumbo hata baada ya miaka mingi. Tumfikishe hospitali siku ileile, pamoja na karatasi za upasuaji wa kwanza, nasi tujitolee damu. Sala imsindikize mgonjwa, isimcheleweshe.