Linux Ipi Itufae Hapa Nkombo?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10 kwa desturi yake, bwenini kwetu kuna ubishi usiokwisha. Kompyuta zetu nyingi ni kuukuu, na Windows 11 hukataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Basi wengi wamehamia Linux. Lakini Linux si moja. Kuna Debian, Fedora, Ubuntu, Mint na nyingine tele, na kila mvulana husifu yake kama asifuye timu ya mpira. Wako hata wanaobadilisha kila Jumamosi, na insha ya mwalimu haijaandikwa bado!

Linux yenyewe si mgeni kwetu. Tangu mwaka 2008 watoto wa shule za msingi nchini Rwanda waligawiwa zile kompyuta ndogo za XO, nyeupe na kijani, nazo ziliendeshwa na Fedora, ingawa wachache walijua. Tena jina la Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, latuvutia sana, kwa kuwa katika Kinyarwanda ubuntu ni ukarimu, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Baadhi ya wenzangu wameichagua kwa ajili ya jina tu.

Mimi naona yafaa tutazame kwanza maisha yetu kisiwani. Bando la intaneti la wengi wetu hulipiwa na sambaza waliovuliwa usiku. Sasa, Ubuntu ina programu za namna ya snap, ambazo hujifanya upya zenyewe bila kumwuliza mwenye mashine. Kwa mtu wa Kigali mwenye intaneti ya waya hilo ni jema, tena lamkinga. Kwetu sisi, mtu aunganisha kompyuta na simu yake apate kutuma barua moja, na kabla hajamaliza megabaiti zimekwisha. Wako watakaosema kwamba iko amri ya kuzizuia. Ni kweli, ipo; lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataijuaje?

Kwa hiyo mimi nachagua Linux Mint, ile yenye sura ya Xfce. Mint ilianza mwaka 2006, nayo imejengwa juu ya Ubuntu, lakini tangu toleo la 20 la mwaka 2020 imeziacha snap. Marekebisho mapya yakiwapo, huonyesha alama ndogo pembeni, kisha hungoja. Mwenyewe huyachukua siku anapokuwa na bando. Memori ya gigabaiti 2 yatosha kuiwasha, na kwa gigabaiti 4 utafanya kazi kwa raha. LibreOffice imo ndani tayari, hivyo insha yaweza kuandikwa siku hiyo hiyo bila intaneti. Imo pia Timeshift, ambayo ukiiweka tayari hutunza hali ya mashine ya jana, ili jambo likiharibika upate kurudi nyuma. Toleo la 22 litatunzwa hata mwaka 2029.

Sisemi kwamba haina kasoro. Karatasi iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa humo, mara nyingine mistari huhama na jedwali hupinda, jambo linaloudhi sana mtu akiwa na haraka ya kuchapa. Na mwenye mashine mpya ya gigabaiti 8 abaki na Ubuntu yake, simkatazi.

Lakini kwa mashine za shule naomba tukubaliane juu ya moja, ili akwamaye apate mwenzake wa kumwonyesha. Faili lake ni karibu gigabaiti 3; lichukuliwe mara moja tu Kamembe, kisha lizunguke kwa flashi bweni hata bweni. Nanyi wanafunzi wa zamani mlioko Kamembe, Bukavu na Kigali, zile kompyuta mlizoambiwa zimezeeka msizitupe. Zipakieni mtumbwini mkija kututembelea, na chaja zake msizisahau.