Udaktari wa Jumla Haufundishwi Wodini

Mwaka 1958, mbele ya Tume ya Kifalme iliyokuwa ikichunguza malipo ya madaktari wa Uingereza, Lord Moran, aliyekuwa daktari wa Winston Churchill, aliulizwa kama madaktari wa jumla wana hadhi sawa na madaktari bingwa. Alijibu bila kuona haya kwamba sivyo hata kidogo. Kwa maoni yake, daktari wa jumla ni mtu aliyepanda ngazi ya taaluma akaanguka. Madaktari wa jumla walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini bwana yule alikuwa ametamka hadharani jambo ambalo wenzake wengi walikuwa wakilifundisha kimya kimya. Kasumba hiyo haikuondoka Afrika Mashariki pamoja na bendera ya Malkia. Ingali hai katika vyuo vingi vya udaktari.

Hakuna mhadhiri anayesimama darasani na kusema kwamba daktari wa kituo cha afya ni makapi. Hana haja ya kusema, kwani ratiba inasema kwa niaba yake. Katika miaka mitano ya shahada, macho ya mwanafunzi huelekezwa kwenye wodi za hospitali ya rufaa iliyo ubavuni mwa kampasi. Wanaomfundisha ni mabingwa wa upasuaji, wa moyo, wa watoto na wa magonjwa ya wanawake. Wagonjwa anaowaona wamekwisha kuchekechwa na zahanati, na kituo cha afya, na hospitali ya wilaya, na hospitali ya mkoa. Siku ya mahafali hupigiwa makofi, na baada ya mwaka mmoja wa utarajali huweza kupelekwa wilayani, ambako wagonjwa hawajachekechwa na mtu yeyote.

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake wawili walichapisha hesabu waliyoipata kutokana na takwimu za Marekani na Uingereza. Katika kila watu wazima 1,000, kwa muda wa mwezi mmoja, watu 750 hupatwa na maradhi au kuumia. Kati yao 250 huenda kwa daktari. Ni 9 tu wanaolazwa hospitalini, na mmoja tu anayefika katika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu hiyo ilirudiwa Marekani mwaka 2001, na hospitali ya chuo ikapata pungufu ya mtu mmoja. Nchi hizo si Tanzania wala Uganda, na idadi za huku haziwezi kuwa zilezile. Hata hivyo umbo la mambo halibadiliki: chuo humfundisha mwanafunzi kwa kumwonyesha yule mmoja, kisha humtuma akawatibu wale 249.

Mabingwa wanaotetea utaratibu huu hudai kwamba aliyemudu magonjwa makubwa hawezi kushindwa na madogo. Hoja hiyo haina msingi. Chukua maumivu ya kichwa. Anayelazwa kwa maumivu hayo katika hospitali ya rufaa yaelekea ana jambo zito, na mwanafunzi hujifunza kulitafuta jambo hilo kwa mashine na maabara. Anayelalamika kichwa zahanatini yaelekea ana homa, au hajalala, au macho yamechoka, au ana deni. Lakini katika umati huo yumo mtoto mmoja ambaye shingo yake imekakamaa, na asipotambuliwa leo atazikwa kesho kutwa. Daktari aliyefundishwa wodini tu huangukia upande mmoja kati ya miwili. Ama humwandikia kila mtu vipimo visivyokuwepo na barua ya rufaa. Ama, akishachoka kuona kwamba wengi hawana kitu, humpa kila mtu vidonge vya maumivu, na yule mtoto pamoja nao. Kumtambua mmoja katika umati, bila mashine, kwa dakika chache, kisha kujua nani arudi kesho na nani asafirishwe usiku huu, huo ni ujuzi unaojitegemea. Una walimu wake na mahali pake pa kufundishiwa.

Walimu hawahitaji kuelezwa sana. Hakuna chuo cha ualimu kinachotoa cheti kwa mtu ambaye hajasimama mbele ya watoto hamsini wa shule halisi, chaki mkononi, akikaguliwa. Ni nani angekubali mwalimu wa darasa la kwanza aandaliwe kwa kuketi katika semina za maprofesa?

Ubaya wa kufundishia wodini huonekana zaidi katika maradhi yanayokaa na mtu maisha yake yote. Kisukari ni mfano ulio wazi. Wanafunzi huzunguka kitanda cha mgonjwa ambaye mguu wake umeoza, wakafundishwa vema kabisa jinsi ya kuukata. Mguu ule una historia ya miaka kumi au kumi na mitano. Kuna kidonda kidogo kilichotokana na kiatu cha plastiki. Kuna miezi ya kilimo ambayo dawa haikufuatwa kwa kuwa nauli ilinunua mbegu. Kuna mke anayepika, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza lolote. Kuna dalili za ganzi ambazo mgonjwa alizitaja mara moja, akaambiwa ni uzee. Yote hayo yalipita mbele ya macho ya mtu fulani katika kituo cha afya, na mwanafunzi wa udaktari hakuwapo. Alikuja kuitwa siku ya msumeno.

Wengine hujitetea kwamba wanafunzi hupelekwa vijijini kwa majuma kadhaa kusomea afya ya jamii. Ni kweli, huenda. Huhesabu vyoo, hujaza madodoso, huandika ripoti. Kuhesabu vyoo ni kazi njema. Lakini hakumfundishi mtu kumsikiliza mama mmoja aliyekuja na malalamiko matano huku shida yenyewe ikiwa ya sita, ambayo hataitaja mpaka ashike kitasa cha mlango.

Wako pia wanaosema kwamba kazi hiyo ni ya matabibu, si ya msomi wa chuo kikuu. Hiyo ndiyo ngazi ya Lord Moran iliyopakwa rangi mpya. Matabibu wamebeba mzigo wa nchi hii kwa miongo mingi, na huyo daktari ndiye atakayepelekwa kuwasimamia, kuwaelekeza na kupokea rufaa zao. Atasimamiaje kazi asiyoijua? Katika miaka ya 1970 Tanzania iligeuza uzito wa huduma za afya kuelekea vijijini, na mwaka 1978 mataifa yalikubaliana kule Alma Ata kwamba huduma ya afya ya msingi iwe mhimili. Zahanati zilijengwa. Karatasi za mtihani wa udaktari zilibaki zinauliza maswali ya wodini.

Hata Uingereza ya Lord Moran haikumsikiliza. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha kitengo cha kufundishia udaktari wa jumla mwaka 1948, na mwaka 1963 Richard Scott akawa profesa wa kwanza wa somo hilo duniani. Wala haihitajiki kwenda Edinburgh. Katika miaka ya 1960 Makerere ilikuwa ikiwafundisha wanafunzi wake katika Kituo cha Afya cha Kasangati, nje ya Kampala. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, huwapeleka wanafunzi wake vituoni kama sehemu ya masomo. Anayesema haiwezekani aseme kwamba hataki.

Watumishi wa umma nao wasijitoe lawamani. Wengi wao, wakipata homa ya siku moja, huiruka zahanati ya mtaa na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa, kwa kuwa wanaamini kwamba daktari aliye mbali na bingwa si daktari. Wao ndio wanaoandaa bajeti na miundo ya utumishi, na imani yao huonekana humo.

Kazi ingeanzia ndani ya kampasi yenyewe. Karibu kila chuo kina zahanati yake, ambako wanafunzi, wahudumu na familia zao hufika na homa, mimba, vidonda vya tumbo na hofu ya mitihani. Iwe darasa tangu mwaka wa pili. Miezi mitatu ya mwaka wa nne au wa tano itumike katika vituo vya afya vya wilaya, na daktari anayefundisha huko apewe cheo na mshahara wa mhadhiri, si barua ya shukrani. Somo liwe na mtihani wake, unaotungwa na madaktari wa jumla, na anayeushindwa arudie mwaka kama anayeshindwa upasuaji.