Bastola Haimlindi Mzee wa Ganze

Kila panapotokea uvamizi, watetezi wa bunduki husimama na wimbo wao: raia mwema apewe silaha, maana polisi watachelewa. Na mfano wanao, tena wa kweli. Septemba 2013 pale Westgate, raia wenye leseni waliingia na bastola zao wakawatoa watu, huku wakubwa wa vikosi bado wanavutana nani aongoze. Wale wanastahili heshima, hilo sibishi.

Lakini mfano mmoja wa ushujaa hauwi sheria ya nchi nzima. Januari 2020, katika klabu moja Nairobi, mcheza santuri alipigwa risasi ya shingo akabaki mlemavu. Aliyeshtakiwa hakuwa jambazi wa kichakani, alikuwa mbunge. Kesi zikaisha bila mtu kutiwa hatiani. Mbona mfano huu hamuusemi?

Tuambiane ukweli. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, tuliirithi kwa mkoloni, enzi za vita vya Mau Mau. Tangu hapo bunduki Kenya ni leseni, si haki. Katiba ya 2010 haikuandika kifungu kama kile Wamarekani walichokipitisha 1791. Kwa hivyo mwishoni mwa 2018, serikali ilipowataka wenye leseni wote wakaguliwe upya, sioni waliponyang'anywa nini. Umeaminiwa chombo cha kutoa roho, halafu waona uzito kuulizwa maswali?

Sasa njoo kwetu Pwani. Tembea jioni Malindi, kwenye majumba ya kifahari karibu na bahari. Langoni utamkuta askari wa kampuni, rungu mkononi, na tochi ikiwa ana bahati. Wengine wanataka naye apewe bunduki. Sawa, lakini mshahara wake kwanza umfikishe mwisho wa mwezi! Mtu mwenye njaa ukimpa bunduki alinde mali ya mwingine, hujamlinda yeye. Umemfanya wa kwanza kuwindwa, maana jambazi atakuja kuitafuta hiyo silaha.

Na wanaouawa Kilifi ni kina nani hasa? Ni wazee wetu. Mzee anaota mvi, mtoto wa jirani anaugua, neno "mchawi" linatajwa, na usiku panga linabisha hodi. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi wasionekane wamezeeka. Wengine wamehama boma zao wakakimbilia Kaya Godoma, huko Ganze. Mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba la kurithi, na anayelitaka ni damu yake mwenyewe.

Hebu niambieni, bastola itamsaidia nini mzee huyu? Leseni hawezi kuilipia. Akiipata, atampiga risasi mjukuu wake? Na silaha ikiingia boma lile, mikono yenye nguvu kuishika si yake.

Hofu tunayo sote, ila nyinyi mwaitafutia dawa ya wachache wenye pesa. Mzee wa Ganze anahitaji hatimiliki yenye jina lake, chifu anayepokea simu usiku, na kesi inayofika mwisho. Piganieni hayo kwa sauti hiyo hiyo mnayopigania bastola, nasi tutaamini kwamba ni usalama wa raia mnaoutafuta.