Sifa ya Mwendo ni Kufika Salama

Katika mashindano ya pikipiki ya mita 402, pikipiki ya mashindano kwa kawaida huiacha nyuma ile ya safari ndefu. Honda Gold Wing ina injini ya sentimeta za ujazo 1833, lakini uzito wake hukaribia kilo 400. Kawasaki ZX-10R, yenye injini ya 998, ina takriban kilo 200. Wepesi ndio unaoshinda.

Pikipiki nyingi zinazopita Kitete, mjini Tabora, si za aina yoyote kati ya hizo mbili. Injini zake ni za 100 hadi 150, nazo zimeundwa kuchukua abiria na mizigo. Kijana anayezishindanisha barabarani hana budi kufahamu kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika ili breki zisimamishe chombo huongezeka mara nne.

Tabora ilistawi kwa misafara ya Ujiji na Bagamoyo. Kazi ya mpagazi ilikuwa kuufikisha mzigo, wala si kumtangulia mwenzake. Hospitali ya Kitete nayo haikujengwa ili iwe kikomo cha mbio. Basi mwalimu na mtumishi wa serikali, wanapopanda pikipiki, wadai kofia ngumu na mwendo wa kiasi.