Mwizi wa wese hana mikono

Najua mlikuwa mnangoja kile kisa cha mshikaji aliyeachwa siku ya mahari. Kitakuja. Wiki hii nina habari ya wese, na usigeuze ukurasa kwanza, maana humu ndani kuna mtu aliyetaka kupoteza kazi.

Mjomba wangu ana Canter pale Kitaya. Mpunga wa bonde la Ruvuma, korosho za msimu, matofali, hata maharusi, wote wanapanda humo. Miezi miwili iliyopita mjomba akaanza kuguna. Mafuta yanaisha upesi mno! Aliyemuuzia gari alimwambia linakwenda kilometa sita kwa lita, na yeye akiangalia dashibodi hazioni hizo sita. Hukumu ikatoka: dereva ananyonya dizeli usiku anauza. Akamkata mshahara mara mbili. Na si unajua tena, kwetu Wamakonde mjomba akishasema, kikao kimefungwa.

Nikiri ukweli, hata mimi niliamini. Madereva nawajua. Lakini yule bwana ana miaka minane kwenye usukani ule, na siku aliyosema ataondoka alisema polepole, bila kugomba. Hapo roho ikanisuta. Nikamwambia mjomba, nipe wiki mbili niwe utingo, nikuletee hesabu.

Hesabu yenyewe hata aliyefeli kidato cha nne anaiweza. Geji ya mafuta usiiamini, ile ni ya kukutuliza moyo tu. Unajaza ful tenki, unaandika kilometa za kwenye dashibodi. Unapiga kazi zako. Kisha unarudi kituo kilekile, pampu ileile, gari limesimama sehemu ileile tambarare, unajaza tena mpaka palepale. Lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Gawanya kilometa kwa lita. Basi!

Nikaongeza la kwangu: mfuniko wa tenki nikautia kufuli, ufunguo nikalala nao chini ya mto.

Wiki ya kwanza dashibodi ilisema kilometa 376, zikaingia lita 80. Hiyo ni 4.7 kwa lita. Na kufuli halikuguswa! Kwa hiyo wiki ile nzima mwizi alikuwa gari lenyewe.

Ila kuna kitu kikanikwaza. Mwaka jana mjomba alifunga matairi makubwa kuliko ya mwanzo ili gari livuke matope. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini dashibodi inahesabu mizunguko tu, haijui tairi limebadilika. Nikawasha ramani ya simu. Simu ikasema kilometa 50, dashibodi ikasema 47. Kumbe zile 376 ni 400 kamili! Hesabu ya haki ni kilometa tano kwa lita, au ukipenda, lita 20 kwa kila kilometa 100.

Bado ilikuwa mbaya. Tukaingia chini ya gari. Ea klina imejaa vumbi mpaka injini inahema kama mgonjwa wa pumu, ndiyo maana ilikuwa inatoa moshi mweusi. Gurudumu moja la nyuma ukiligusa linaunguza, breki inabana muda wote, yaani gari linakwenda huku limejishika lenyewe. Matairi upepo pungufu. Tukabadilisha, tukalegeza, tukajaza.

Halafu zamu ya dereva, naye hakuwa malaika. Aliacha injini inanguruma wakati wa kupakia, na kwenye lami alipenda kukimbia. Tukakubaliana mwisho 60. Na ule mtindo wa kuweka fri mteremkoni eti kubana mafuta, nao tukaufuta. Ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, pampu inakata dizeli yenyewe. Ukiweka fri, injini inaendelea kunywa, na breki zikichemka mnakutana mtoni.

Wiki ya pili safari zilezile, mizigo karibu ileile. Kilometa 400 za kweli, lita 68. Karibu 5.9 kwa lita! Lita 12 zimebaki kwa wiki moja. Mwenye gari anayengoja bei mpya za EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anajua lita 12 ni kitu gani.

Nikampelekea mjomba daftari. Akalisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza chai iko wapi. Kesho yake dereva akapelekewa gunia la mpunga nyumbani. Neno samahani halikusikika, wakubwa wetu hawana silabi hizo.

Dereva amebaki. Lakini mpunga ni mpunga na mshahara ni mshahara. Ile miezi miwili aliyokatwa haijarudi mpaka naandika. Nami najua mjomba hulinunua gazeti hili kila wiki, husema ni kwa ajili ya mpira.

Shikamoo mjomba. Ukurasa wa mpira uko nyuma, lakini maliza huu kwanza.

Tukutane wiki ijayo, na kile kisa cha mahari.