Wasio na Kazi Wahisabiwe kwa Mafungu Yao

Kila inapotangazwa khabari ya watu wasio na kazi, redioni husomwa tarakimu moja, na barazani hugombewa hiyo hiyo moja. Mwenye kuipenda Serikali husema imepungua. Mwenye kuichukia husema ni uwongo. Sisi hatumo katika ugomvi huo. Sisi ni watu wa mizani, na biashara imetufundisha kwamba kabla ya kubishana juu ya uzito, mtu hutazama kwanza jiwe linalopimia. Jiwe la hisabu hii ni suali moja: nani huitwa mtu asiye na kazi?

Jawabu ya mataifa ilipangwa Geneva mwaka 1982, katika mkutano wa wataalamu wa takwimu za kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani. Asiye na kazi ni yule mwenye sifa tatu kwa pamoja: hakufanya kazi ya ujira au ya faida hata saa moja katika wiki inayoulizwa, yu tayari kuanza, na amekwenda kuitafuta. Mkutano wa mwaka 2013 ulibadilisha mengi, hata kilimo cha kujilisha mwenyewe kikatolewa katika maana ya ajira, lakini saa moja ilibaki saa moja.

Pana kijana mtaani kwetu aliyesoma hata Chuo Kikuu. Kila Jumamosi, tukenda bandarini kupokea mzigo, hutushikia duka saa mbili, nasi humpa nauli na kilo ya unga. Kwa jiwe la Geneva kijana huyu ana kazi. Hatusemi haya kwa kejeli, kwani lazima mstari upigwe pahala. Lakini basi na watangazwe pia wale ambao wana kazi pungufu na wanataka zaidi.

Sifa ya tatu, ile ya kutafuta, ndiyo inayotuumiza. Aliyeko mjini hupanda daladala akaenda akapiga hodi mahotelini. Aliyeko Micheweni apige hodi wapi? Tuchukue mfano wa kubuni, wa wanawake 100 wa kijiji kimoja. Wenye kazi ni 40. Wanaotafuta ni 10. Wanaoitaka lakini wamekwisha kata tamaa ya kutafuta ni 20. Waliobaki ni wazee, wagonjwa na wanafunzi. Kwa hisabu ya mataifa, 10 hugawiwa kwa 50, nayo ni 20 kwa mia. Sasa watano katika wale 10 nao wakate tamaa, wakae nyumbani. Hisabu inakuwa 5 kwa 45, yaani 11 kwa mia. Ukosefu wa kazi umekaribia kupungua nusu, na hapana mtu hata mmoja aliyepata kazi! Lau waliokata tamaa wangaliingizwa tangu mwanzo, ingalikuwa 30 kwa 70, karibu 43 kwa mia, na isingalitikisika.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini huchapisha mawe yote mawili. Katika robo ya kwanza ya mwaka 2023 hisabu yao rasmi ilikuwa 32.9 kwa mia, na ile pana 42.4. Tanzania Bara nayo ina tafsiri yake ya kitaifa, ambayo humwingiza aliye tayari kufanya kazi hata kama hakuitafuta. Kwa tafsiri hiyo mwaka 2014 Bara ilikuwa na 10.3 kwa mia. Ukiifungua tarakimu hiyo, wanaume ni 8.2, wanawake 12.3, na Dar es Salaam peke yake 21.5. Marekani mwaka 2010 walitangaza 9.6 kwa wote, lakini weupe walikuwa 8.7 na weusi 16.0. Mwaka 1954 weupe walikuwa 5.0, na wasio weupe 9.9. Na wafungwa hawamo kabisa katika hisabu ya Marekani, ilhali inajulikana ni watu wa rangi gani waliojaza magereza ya nchi ile kupita kiasi chao.

Wako watakaotuuliza: jee, mwataka nasi tuhisabiwe kwa makabila? La. Waingereza walituandika hivyo mwaka 1931 na mwaka 1948, na katikati yake, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa chakula ukapangwa kwa kabila la mtu. Jina lililofungiwa mchele haliwi tena jina la ukoo. Watu walihama kutoka jina hadi jina, na nani awalaumu? Hisabu ya watu ya Tanzania iliyouliza kabila kwa mara ya mwisho ni ya mwaka 1967, nasi hatuoni sababu ya kuirudisha. Mafungu tuyatakayo ni wanaume na wanawake, umri, elimu, ulemavu, na wilaya. Na wilaya za Pemba zisimezwe na za Unguja.

Khasa katika wanawake ndipo hisabu hii huharibika. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani huingia pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Maji mafu yakija, shamba lake limefunikwa na bahari. Karani akifika wiki hiyo akauliza, "Umefanya kazi?" atajibiwa hapana, na huku mwanamke ameshinda kivulini akifunga mbegu kwenye kamba. Hakuitaja kwa sababu hakuulizwa kwa jina lake. Na Pemba wakati wa karafuu mikono haitoshi. Msimu ukiisha, hao hao hukaa kitako. Hisabu isiyotandazwa mwaka mzima yaweza kukuta visiwa viwili mbali mbali juu ya ardhi moja.

Nasi tuna kosa letu wenyewe la kukiri. Karani alipokuja kwetu alitukuta barazani, akatuuliza khabari za waliomo ndani. Tukamwambia bibi wa nyumba hana kazi, yu nyumbani tu. Usiku tulipomsimulia alinyamaza, akaenda akaleta kofia tatu za viua anazozishona, na moja imekwisha lipiwa. Fedha za kofia kama hizo ndizo zilizonunua vitabu vya skuli vya mtoto wetu wa pili, nasi tulidhani ni za duka. Kila mtu mzima na aulizwe mwenyewe, kwa mdomo wake.

Tena hatutaki kudanganywa na mafungu madogo. Hisabu hizi haziulizi kila nyumba. Chache huchaguliwa kwa kura zikasemea nyingi. Huenda vijana wa kike wa wilaya moja walioulizwa wakawa hamsini tu. Watano wakibadilisha jawabu, kiasi chao chapanda au chashuka 10 kwa mia. Tarakimu kama hiyo mwanasiasa yeyote, wa kwetu pia, aweza kuipandia jukwaani akaipigia kelele mwaka mzima.

Kwa hivyo twaomba karatasi moja tu, ya Kiswahili: jadweli ya kila wilaya, wanaume na wanawake, vijana na wazee, kwa mawe yote mawili, na kando ya kila fungu iandikwe idadi ya walioulizwa. Ibandikwe kwa sheha wa kila shehia. Ikikosa nafasi huko, ukuta wa duka letu upo, na hatutatoza kodi.