Farasi wa mpwa wangu na hesabu alizozikimbia

LIKIZO ya Aprili dadangu mkubwa alimleta bintiye kwangu Nairobi akae wiki mbili. Ndani ya mkoba wake, pamoja na nguo na kalamu za rangi, msichana huyo alibeba karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne. Wasomaji wenye watoto katika Gredi ya Tisa wanaijua karatasi hiyo. Mtoto anatakiwa achague njia atakayoifuata katika sekondari pevu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo.

Mpwa wangu alikuwa ameshatia alama kwenye Sanaa. Sikuona ubaya wowote, kwa maana ana mkono wa kuchora ambao sijui ameurithi kwa nani katika ukoo wetu. Kilichonishtua ni sababu aliyonipa.

"Mjomba, mimi nataka tu kuachana na hesabu."

Akanionyesha daftari lake. Chini ya jaribio la mwisho, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu hana kichwa cha hesabu na asipoteze wakati. Dadangu naye alikuwa amekubali. Alinieleza kwa simu, kama mtu anayezungumzia ugonjwa wa kurithi, kwamba hata yeye hesabu zilimshinda.

Nami sina haki ya kumcheka mtu. Nilipoingia chuo cha uandishi wa habari, furaha yangu kubwa ilikuwa kwamba aljebra na mimi tumeagana kwa heri. Tangu hapo nimehesabu kura, bajeti, riba za mikopo na maneno ya makala kila wiki, na hakuna aliyenionya.

Sasa tazama yaliyotokea. Siku ya pili mpwa wangu aliketi sebuleni akachora farasi anayekimbia. Miguu ya mbele aliinyoosha mbele kabisa, ya nyuma akainyoosha nyuma kabisa, tumbo likawa karibu kugusa nyasi. Ilikuwa picha nzuri mno, lakini ilikuwa na kosa. Nikamwambia asijali, kwani amekosea pamoja na mabingwa. Mfaransa Théodore Géricault alichora mashindano ya farasi ya Epsom, Uingereza, mwaka wa 1821, na picha hiyo imetundikwa katika jumba la Louvre mjini Paris hadi leo. Farasi wote wamenyooka vivyo hivyo, utadhani wanaruka kwa mabawa.

Kwa karne nyingi wachoraji waliwachora farasi hivyo kwa sababu jicho la mwanadamu haliwezi kuufuata mguu wa farasi anayekwenda kwa kasi. Tajiri mmoja wa California, Leland Stanford, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo na aliyefuga farasi wa mashindano, alitaka kujua kama kuna wakati miguu yote minne huachana na ardhi. Kazi hiyo alimpa mpiga picha mzaliwa wa Uingereza, Eadweard Muybridge. Mnamo Juni 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio, akatandaza nyuzi zikatize njia hiyo. Kila farasi alipoukata uzi mmoja, kamera moja ilifyatuka.

Picha zilipotoka, jibu likawa ndiyo, miguu yote minne huondoka ardhini. Lakini hilo hutokea pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo, wala si pale inaponyooka. Wachoraji wa dunia nzima walikuwa wamepatia kwamba farasi huelea, ila waliikosea nukta yenyewe.

Nilikuwa na nakala ya picha hizo katika simu. Mpwa wangu alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya aliyeonewa, "Lakini farasi wangu anapendeza kuliko hawa." Hapo pia hakuwa peke yake. Mchongaji maarufu wa Ufaransa, Auguste Rodin, alishikilia kwamba msanii ndiye msema kweli na kamera ndiyo mwongo, kwani katika maisha wakati hausimami. Edgar Degas yeye alizichukua picha za Muybridge akajifunzia kuchora farasi upya. Nikamwachia mpwa wangu achague upande.

Ni maandishi yaliyo kwenye kadi hiyo ndiyo yaliyotuingiza katika mambo mengine. Yanaeleza kwamba picha zilipigwa kila baada ya umbali wa inchi 27, yaani kama sentimita 69, na kwamba kati ya picha moja na nyingine palipita yapata 1/25 ya sekunde. Aidha, farasi Sallie Gardner alikuwa akienda kwa mwendo wa maili moja kwa dakika 1 na sekunde 40.

Nikamuuliza, je, farasi huyo angeshindana na matatu? Sikutaja neno hesabu. Alichukua kalamu ile ile ya kuchorea. Sentimita 69 mara 25 ni sentimita 1,725, yaani mita 17 na robo kwa sekunde. Kwa saa nzima ni kilomita 62. Akacheka, akasema matatu za kwetu zingepitwa mjini saa za msongamano.

Nilikwenda jikoni kutia chai. Niliporudi nilimkuta amekunja uso. "Mjomba, hawa watu wamekosea. Hazilingani." Alikuwa amechukua ile maili moja, mita 1,609, akaigawa kwa sekunde 100, akapata mita 16 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 58 kwa saa. Ile njia ya kwanza ilimpa 62. Kilomita 4 zimetoka wapi?

Wasomaji, nakiri kwamba kadi hiyo nimekuwa nayo miaka mingi na sikuwahi kuliona jambo hilo. Tuliketi wote wawili. Ni yeye aliyepata njia: katika mita 1,609 mna nafasi 2,332 za sentimita 69. Farasi alizimaliza kwa sekunde 100. Basi kwa sekunde moja alipita nafasi 23, si 25. Ile "yapata" ndiyo iliyoficha tofauti. Mtoto ambaye daftari lake linasema hana kichwa cha hesabu alikuwa amesahihisha kadi ya mwaka wa 1878, na chai yake ilikuwa imepoa.

Kuanzia farasi huyo hadi sinema ni hatua fupi. Mwaka wa 1879 Muybridge mwenyewe alitengeneza chombo cha kumulika picha kama hizo ukutani zikaonekana kutembea. Sinema ndiyo hiyo hadi leo: picha zilizosimama zinazopita upesi hata ubongo unaziunganisha. Tangu sinema zilipoanza kusema, miaka ya mwisho ya 1920, kipimo cha kawaida kimekuwa picha 24 kwa sekunde. Mpwa wangu alipiga hesabu ya sinema ya saa mbili akapata picha 172,800. Kisha akachora 24 pembeni mwa daftari, farasi akikimbia, akazipeperusha kwa kidole gumba. Zilichukua jioni mbili kuchora, zikaisha kwa sekunde moja. Tangu siku hiyo husoma majina yote yanayopita mwishoni mwa filamu, kwa heshima.

Tulitazama nyingine pia. Kuna moja ya dakika 9 tu ambayo ningemsihi kila mzazi aitafute kwenye intaneti, yaitwa Powers of Ten, iliyotolewa 1977 na mume na mke Wamarekani, Charles na Ray Eames. Inaanza na watu wawili waliotandika blanketi bustanini mjini Chicago. Kamera iko juu yao na picha ina upana wa mita 1. Kila sekunde 10 upana huo unazidishwa mara 10. Dakika moja na kidogo ikipita, dunia ni mpira mmoja. Dakika ya nne, upana ni 1 ikifuatwa na sufuri 24 za mita, na makundi ya nyota ni vumbi. Kisha inarudi mbio hadi mkononi mwa yule mwanamume, inapenya ngozi, ikazama hadi ndani ya atomu ya kaboni.

Mpwa wangu aliisimamisha katikati. Hakuamini kwamba kuzidisha kwa 10 mara chache hivyo kunaweza kumtoa mtu duniani. Tukaanzia mkeka wetu. Mita 1 ni mkeka, 10 ni ploti, 100 ni barabara yetu na maduka yake, 1,000 ni mtaa. Hatua ya sita ikiwa katikati ni Nairobi, Mombasa na Kampala zote zimeingia katika picha moja. Hatua sita tu! Sufuri ambazo darasani zilikuwa za kunakili zikawa safari.

Ile ya jioni ya Jumamosi tuliitazama na majirani. The Boy Who Harnessed the Wind, ya mwaka wa 2019, ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, aliyetolewa shuleni kwa kukosa karo wakati wa njaa kali ya 2001 na 2002. Alijisomea kitabu cha nishati katika maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na magogo. Chiwetel Ejiofor ndiye mwelekezi na ndiye anayeigiza baba. William ameigizwa na kijana Mkenya, Maxwell Simba, na hapo sebule nzima ikapiga makofi.

Siri yote iko katika dainamo, kile kidude kinachosugua gurudumu na kuwasha taa ya baiskeli. Ndani yake sumaku inazunguka karibu na waya uliosokotwa, na mzunguko huo unausukuma umeme ndani ya waya. Jirani yetu mzee ana Black Mamba yenye dainamo inayofanya kazi bado. Aliigeuza baiskeli magurudumu juu pale uani, watoto wakazungusha pedali kwa zamu. Waligundua wenyewe kwamba taa ikiwashwa, pedali inakuwa nzito kidogo. Mzee aliwaambia umeme hautolewi bure hata na baiskeli.

Hapa nitoe onyo, kwani sinema si kitabu cha mtihani. Filamu hiyo inamalizia kwa kinu kinachovuta maji ya kumwagilia shamba. Kwa kweli kinu cha kwanza cha William kiliwasha taa na redio nyumbani. Maji yalikuja baadaye. Vilevile ile Hidden Figures ya 2016, kuhusu wanawake weusi waliopiga hesabu za safari za angani Marekani, imevuruga miaka. Inatuonyesha Mary Jackson akipigania uhandisi mwaka wa 1961, hali aliupata 1958, na Dorothy Vaughan alikuwa amefanywa mkuu wa kitengo chake tangu 1949. Ila ni kweli kwamba Katherine Johnson alikagua kwa mkono hesabu za kompyuta kabla ya John Glenn kurushwa Februari 20, 1962. Mpwa wangu alipenda kusikia makosa hayo kuliko alivyopenda filamu. Naona ameonja utamu wa kusahihisha watu wazima.

Siku moja kabla ya kuondoka alinibwaga. Tulikuwa tukitazama filamu ya magari, akauliza kwa nini magurudumu yanazunguka kinyumenyume na gari linakwenda mbele. Nilikaribia kusema ni mambo ya sinema. Badala yake niliteremsha saa ya ukutani.

Nikamwambia ajifanye kamera, apige picha ya mkono mrefu kila baada ya dakika 55. Saa mbili kamili, mkono uko kwenye 12. Saa tatu kasoro dakika tano, uko kwenye 11. Saa nne kasoro dakika kumi, kwenye 10. Saa tano kasorobo, kwenye 9. Mkono umekwenda mbele wakati wote, lakini mwenye kuona picha peke yake ataapa kwamba unarudi nyuma. Gurudumu nalo, likikaribia kumaliza mzunguko kati ya picha moja na nyingine bila kuumaliza, hutufanyia mzaha huo huo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ingekuwaje kama angepiga kila dakika 60 kamili. Nikamwambia ajijibu.

Ile karatasi ya shule aliondoka nayo. Alama ya Sanaa bado iko, lakini ameipigia mstari mwepesi wa penseli na pembeni ameandika "subiri". Dadangu hakupendezwa. Alitaka jambo hilo liwe limekwisha, na mwalimu aliyeandika kwa wino mwekundu hajafuta neno. Shule inaitaka karatasi kabla muhula huu kwisha.

Jumapili iliyopita dadangu alinipigia simu, na hata salamu hakumaliza. Alitaka kujua nimemfundisha mtoto wake nini, kwa sababu saa ya sebuleni haiko ukutani tena, na mwenyewe amejifungia nayo chumbani tangu asubuhi.